Waliomsikia Fidelis

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura kuongea na fisi, ni zamani ya juzi tu ambayo wengi wetu tuliikuta, palikuwa na wazee watatu mjini Morogoro waliokataa kuzeeka kwa adabu. Mmoja alipiga gitaa, mmoja alipiga besi, mmoja alipiga drams. Wa gitaa ni Fidelis Mloka. Wa besi ni Athumani Dihenga. Wa drams ni Gervas Kobelo, na huyo Gervas mshikeni vizuri, maana mzigo wote wa hadithi hii ulimwangukia yeye, na mpaka leo hajautua.

Ujanani walikuwa na bendi yao, Chuma Chakavu. Walivaa suruali za bugaluu zinazofagia vumbi na viatu vya raizoni vyenye soli nene, wakafuga nywele mpaka kofia ikawa haikai kichwani, wakapiga roki na bluzi wakati mji mzima unataka rumba. Watu waliwacheka sana. Hata hivyo ukumbi ulijaa, kwa sababu Fidelis alipolishika lile gitaa lake jekundu, hata waliokuja kucheka walinyamaza. Kisha maisha yakawadai vyake. Dihenga akaingia kiwanda cha magunia, Gervas akaajiriwa reli, Fidelis akafungua kibanda cha vipuri vya baiskeli. Vyombo vikaenda uvunguni.

Walipozeeka, Fidelis akawaita. Alikuwa ametoka kuugua kiharusi, na mkono wake wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, ulikuwa umebaki mzito. Vidole viwili vilimtii, lakini kwa kuchelewa.

"Nataka tutoe albamu," aliwaambia. "Moja tu. Nikifa hivi hivi, watu watasema kumbe yule mzee alikuwa muuza vipuri."

Wakaingia studio, chumba kidogo nyuma ya soko chenye magodoro ukutani. Albamu wakaiita Kutu. Nyimbo zilikwenda, wimbo huu vizuri, wimbo ule kwa kuchechemea. Ulipofika wimbo wa "Taa ya Jikoni", vidole vya Fidelis vilichelewa waziwazi, na katikati ya ubeti wa pili sauti yake ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Akasema uachwe hivyo hivyo, amechoka. Ukabaki "Mabua", wimbo wa mtu aliyerudi kwao akakuta shamba limevunwa na nyumba haina mtu. Ndani yake mna kipande kirefu cha gitaa peke yake, kile kilichowajazia ukumbi zamani. Fidelis alikijaribu akakosa. Akakijaribu tena akakosa. Jioni akaondoka na homa, na gitaa akaliacha pale pale juu ya kiti.

Kesho yake homa ilikuwa imempanda, na muda wao wa studio ulikuwa unakwisha siku hiyo. Dihenga akalitazama lile gitaa jekundu. Akalichukua.

"Tumstiri," alimwambia Gervas. "Watu wakimsikia alivyo sasa watamcheka. Mimi kile kipande nakijua kuliko jina langu."

Gervas hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikaa kwenye kiti chake akashika vijiti, akampigia mapigo. Dihenga akapiga. Gervas akafumba macho, na jamani, alikuwa Fidelis yule yule wa zamani, na ule utundu wake wa kuivuta sauti ya mwisho kana kwamba hataki kuiachia. Gervas alifurahi, na papo hapo akaona aibu kwa kufurahi.

Walikubaliana kwamba watamwambia. Kosa lao lilikuwa kwamba hawakukubaliana nani atamwambia. Gervas alisema moyoni, aliyepiga ndiye aseme. Dihenga alisema moyoni, wewe ndiye rafiki yake zaidi, sema wewe. Kila mmoja akamngoja mwenzake, wiki zikapita.

Albamu ilipokuwa tayari walikusanyika uani kwa Fidelis, Mji Mpya, Jumapili baada ya misa. Mkewe, Asteria, alipika chai na mihogo, majirani wakaleta viti vyao. Wakaiweka. Ulipofika wimbo wa "Mabua", na kile kipande kikaanza, Fidelis aliinua mkono wake wa kushoto akautazama, akaugeuza akautazama tena.

"Mimi nilipiga hivi?" aliuliza.

Akamgeukia mkewe.

"Siku ile nilikuwa naungua homa, sikumbuki kitu. Nilidhani nimekosa zote." Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta. "Kumbe mkono ulirudi, Asteria. Ulirudi nami sikuwa na habari."

Ninyi mngesema nini hapo? Dihenga alimtazama Gervas, Gervas akatazama kikombe chake. Majirani wakapiga makofi.

Basi kukawa na kipindi cha redio pale mjini, kila Jumapili alasiri, watu wanapiga simu kutoa maoni juu ya muziki mpya. Wiki iliyofuata wakapigiwa Kutu, na Fidelis akakaa na redio mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Wasikilizaji hawakuwa na huruma, wala hawakuwa na chuki, walisema walichosikia. Mmoja wa Kilosa akasema wazee wametukumbusha mbali, lakini wametukumbusha polepole mno. Mama mmoja wa Mzumbe akasema sauti ya mwimbaji inamtia simanzi, yeye alitaka muziki wa kufulia nguo. Mwingine akasema bluzi si ya kwetu, waachiwe wenyewe, na aliyemfuatia akamjibu kwamba shida ni ya kwetu na bluzi ni shida tu iliyofungwa nyuzi. Kuhusu "Taa ya Jikoni" walikuwa kitu kimoja: wimbo mbovu kuliko yote, mpiga gitaa amesinzia, ulipaswa kutupwa. Na kuhusu "Mabua" walikuwa kitu kimoja pia. Huo peke yake, walisema, unatosha kununulia albamu nzima.

"Umewasikia?" Fidelis alimwambia Gervas, na uso wake ulikuwa wa kijana. "Mmesikia wote? Sasa nitaupiga mbele yao."

Akakodi ukumbi. Akaanza kujifua. Kila asubuhi alikaa uani na gitaa, akakianza kile kipande, vidole vikachelewa, akakianza upya. Asteria alikuwa akimtazama kutoka jikoni na moyo unamuuma. "Kitakuja tu," Fidelis alimwambia. "Kama kilikuja siku ya homa, leo mzima kitashindwaje?" Gervas alifika kila siku kumpigia mapigo kwenye ubao wa meza, na kila siku alitoka nyumbani kwake amepanga maneno ya kumwambia, na kila siku aliyarudisha kwake yakiwa vile vile. Hofu ilikuwa inamla. Siku ya ukumbi itafika, mji utakuja kusikia "Mabua", na mzee atasimama pale mbele yao na vidole viwili vinavyochelewa.

Kulikuwa na jambo jingine. Fidelis alikuwa na binti, Leokadia, mwalimu huko Kilosa, aliyemzaa na mwanamke wa kwanza enzi za bendi. Bendi ilikuwa inazunguka, mtoto akalelewa na bibi yake, na baba alimwona kwa msimu kama wanavyoonekana kumbikumbi. Fidelis alikuwa amemtumia albamu. Kila Gervas alipofika aliulizwa swali hilo hilo: "Leokadia amesema nini?" Gervas akampigia simu binti. "Nimeipata, baba mdogo," Leokadia alijibu. "Nitasema nikiwa na la kusema." Na hakusema.

Sasa sikilizeni habari ya Kibwana Mgaya. Huyu alikuwa mtani wa Fidelis, utani wa koo, ule wa tangu mababu. Mnaujua utani wetu. Mtani atakuita maiti ukiwa unakula, atakuibia jogoo mchana kweupe, atakuchimbia kaburi kisha alale ndani yake mpaka apewe kitu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Zimebaki siku chache siku ya ukumbi ifike, Kibwana akaingia uani, akamkuta Fidelis na gitaa, na Gervas mezani, na Asteria anapepeta mchele.

"Wewe maiti," alianza, kama kawaida yake, "nimesikia unakodi ukumbi. Si ungekodi jeneza kabisa, lingekufaa kwa kazi zote mbili."

Fidelis akacheka. "Kaa unywe chai, mchawi mkubwa."

"Sinywi chai ya mtu mwenye mikono mitatu." Kibwana akavuta kigoda. "Nimeisikiliza hiyo takataka yenu. Nyimbo zote gitaa linachechemea, nikasema naam, huyu ndiye mtani wangu, kiwete wa mkono. Nafika kwenye 'Mabua', gitaa linakimbia kama limepakwa dawa. Nikajiuliza, mtani ameota mkono mwingine? Kisha nikautambua. Ule mkono ni wa Dihenga. Dihenga akifika mwisho wa kipande hupumua kwa pua, tangu ujana wake, na nimeisikia ile pumzi. Haya niambie, ukumbini utapanda wewe au atapanda pua la Dihenga?"

Asteria aliacha kupepeta.

Fidelis alicheka. Alicheka kama ada inavyotaka, akacheka sana, mpaka akakohoa, akatoa ugoro akampa mtani wake. Ndipo akamgeukia Gervas.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Gervas alisema.

Hakuuliza tena. Mtani alipoondoka, alilegeza nyuzi za gitaa moja baada ya nyingine, akalitundika ukutani. Ukumbi ukafutwa. Toka siku hiyo Fidelis Mloka hakupiga tena, hata kwa kujaribu, hata kwa Asteria aliyemwomba. Wala hakumkasirikia mtu. Dihenga alikuja kuomba radhi akapewa kiti na chai. Fidelis alikaa tu uani akitazama mlima unavyofunikwa na ukungu, na ukimsalimia aliitika. Gervas aliona heri angetukanwa.

Masika yalipoingia kiharusi kikarudi, na safari hii hakikuja kwa mkono peke yake. Gervas alimkuta kitandani, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka kwa kuburuzwa. Alimwuliza kwanza kuhusu Leokadia, amesema nini. Gervas akamwambia bado. Fidelis akamvuta mkono.

"Gitaa wasipewe wapwa zangu. Mpe aliyenisikia."

"Nani huyo, Fideli?"

"Mpe aliyenisikia," alirudia. Asubuhi yake hakuwa na sauti, na kabla ya Jumapili hakuwapo.

Wakamzika. Kibwana alichimba kaburi na watani wenzake, akalala ndani yake kama ada, akapewa kuku, akatoka. Lakini waliokuwa karibu walisema alipopanda juu macho yake yalikuwa mekundu na mzaha wote ulikuwa umemwishia.

Siku ya kuanua tanga wapwa walipewa vyao kwa desturi ya ukoo: koti, baiskeli, kitanda, kibanda cha vipuri. Likabaki gitaa jekundu. Asteria akalitoa ndani akampa Gervas mikononi, mbele ya watu wote.

"Shemeji, maneno uliachiwa wewe: apewe aliyemsikia. Yatimize."

Gervas alisimama nalo. Likawa zito kuliko alivyolikumbuka.

Kibwana akainuka wa kwanza. Hakutania.

"Lete hapa. Mji mzima ulipiga simu redioni kuusifia mkono wa mtu mwingine. Mkewe hakuujua, na mwenyewe hakuujua. Nani alisikia kwamba yule si Fidelis? Mimi. Na sikukaa na neno langu tumboni kama ninyi wawili wa bendi. Nilimwambia usoni, kwa mlango pekee ambao mtu anaweza kupitisha neno kama lile bila kuvunja nyumba. Kama nisingesema, angepanda jukwaani akachekwa na mji. Niliusikia uongo kwa sababu niliujua ukweli wake."

"Na ukweli wako ulimfanya nini?" Dihenga aliuliza.

Kibwana akakaa chini pole pole. "Najua ulimfanya nini," alisema. "Mtani hasemi samahani. Kama ingeruhusiwa, ningeisema kila siku."

Dihenga akainuka.

"Lete hapa. Mnaniita mwongo, nami sikatai. Lakini nijibuni. Mtu anawezaje kupiga mkono wa mwenzake mpaka mwenye mkono alie machozi aseme huu ni wangu? Nilisimama kushoto kwake ujana wote. Nyumbani nilipiga besi kwa vidole na gitaa lake kwa mdomo. Nilijua lini atavuta pumzi, lini atachokoza, lini atajuta. Kile kipande hakikuwa changu hata sauti moja. Fidelis aliyekuwa ndani ya Fidelis, ambaye kiharusi kilimfungia mlango, ni mimi niliyemtoa. Na zile wiki alizoamini mkono umerudi, mlimwona uso wake. Nani mwingine hapa aliwahi kumpa furaha ile?"

"Ulimpa furaha ya kuazima," alisema Asteria kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, mama. Na ilikuwa furaha."

Kisha watu wakamwona Leokadia anakuja kutoka kwa wanawake, amejifunga kanga kiunoni. Alikuwa ametoka Kilosa kwa msiba, na hakuwa amelia hata mara moja, jambo lililosemwa sana.

"Mimi nisingedai kitu," alisema. "Lakini mzee alisema aliyemsikia. Baba mdogo, kaa nipigie mapigo ya 'Taa ya Jikoni'."

Gervas akakaa, gitaa mapajani, akapiga kwa vidole juu ya mbao zake. Leokadia akaimba. Akaimba ubeti wa kwanza, na pale gitaa la baba yake lilipochelewa, akalingoja, akaendelea. Akaimba ubeti wa pili, na pale sauti ya baba yake ilipokatika, yake ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Hakuwa anamwigiza. Aliuimba kama wimbo ulivyo, kama mtu asiyejua kwamba pale pana kasoro. Gervas, aliyekuwa amepiga drams katika wimbo ule na kuuonea aibu tangu siku ile, alijikuta ameacha kupiga.

"Kila jioni," Leokadia alisema. "Nikifika kutoka shuleni, huo tu. 'Mabua' niliupitisha mara moja, nikasema huyu ni yule wa kwenye picha, yule aliyekuwa anatuacha. Simhitaji. Lakini huu mlioutaka utupwe, humu ndani yumo mzee mgonjwa ambaye hajifichi. Huyu ndiye baba wa kwanza niliyewahi kupewa. Nilimsikia kila pumzi."

"Mbona hukumwambia?" Kibwana aliuliza, na safari hii hapakuwa na utani wowote. "Alikuwa anauliza mpaka siku ya mwisho. Neno moja tu, binti."

Leokadia alitazama chini. "Nilitaka angoje kidogo," alisema. "Kama tulivyomngoja sisi. Nilidhani ana muda." Hapo ndipo alipolia, na wanawake wakamshika.

Watu wakaanza kubishana. Waliosimama na Kibwana walisema anayemsikia mtu ni yule anayemwambia kweli. Waliosimama na Dihenga walisema Kibwana alisikia pua la Dihenga, hakumsikia Fidelis. Wanawake wengi walikuwa na Leokadia, lakini mmoja wao akasema kusikia ambako msikilizwaji hakujui kuna faida gani, si sawa na kumsikiliza maiti. Sauti zikapanda. Mvua ikaanza kudondoka na hakuna aliyeingia ndani.

Gervas aliwatazama wote watatu, na wote watatu aliwaonea huruma. Akasogea kwa Asteria ili amsaidie.

"Shemeji, niambie wewe. Ungempa nani?"

Asteria alimtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mimi niliishi naye miaka yote nikidhani ananisumbua na kelele," alisema. "Usiniulize mimi. Ila kitu kimoja, shemeji. Ulikuwepo studio. Ulikuwepo uani. Ulikuwepo kitandani. Wewe mwenyewe ulimsikia?"

Gervas alifungua mdomo, na kama siku zile zote, neno halikutoka. Akabaki amesimama mvuani, mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na gitaa linalowa.

Basi hadithi yangu mimi imefika ukingoni, na ninaikabidhi kwenu, maana mnayo midomo na nimeona mlivyokuwa mnatikisa vichwa. Msiseme ligawanywe, gitaa haligawanyiki. Msiseme azikwe nalo, kaburi limekwisha kufunikwa. Mmoja alimsikia hata akaujua mkono usio wake, akamwambia, na neno lake likamnyamazisha. Mmoja alimsikia hata akaweza kuwa yeye, akamfurahisha kwa uongo. Mmoja alimsikia vile alivyokuwa, na vile tu, akampenda, asimwambie.

Gervas bado anangoja, mvua inamnyeshea. Je, nani kati yao alimsikia Fidelis?